Kuhusu Picha za Ndege wa Uani

Ukikaribishwa katika nyumba yoyote ya zamani hapa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, aghalabu utaletewa albamu ya picha uitazame wakati chai inachemka. Humo mna harusi, mahafali, kipaimara, na mzee aliyesimama wima kando ya redio yake mpya. Ndege hamna, labda jogoo aliyejipitisha nyuma ya bwana harusi. Sababu yake si kwamba watu wa zamani hawakuwapenda ndege. Mkanda wa picha ulikuwa na nafasi 36, ulinunuliwa kwa fedha, tena ulibidi kupelekwa mjini kusafishwa. Hakuna mwenye akili timamu ambaye angetoa nafasi moja kati ya hizo kwa ajili ya tetere.

Simu ya mkononi imeifuta hesabu hiyo. Leo hii mtu aketiye uani akimenya viazi anaweza kumpiga picha shore aliyetua juu ya kamba ya nguo, akampiga tena na tena, asilipe hata senti. Watoto wanafanya hivyo, kina mama wanafanya hivyo, nami katika ustaafu wangu nafanya hivyo karibu kila asubuhi. Picha zimekuwa nyingi, lakini sijasikia mtu akizihakiki. Tunasema "nzuri" au "haikutoka", basi. Mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote ya kazi, na najua kwamba kazi isiyosahihishwa haikui. Hivyo, ndugu msomaji, naomba tuzitazame picha hizi kama tunavyotazama insha: zina kusudi gani, zimelifikia au hazikulifikia, na zimepatikana kwa njia gani.

Hapana budi tuanze na kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia bila kujua. Ni kipimo cha kalenda. Kwenye kalenda za ofisini ndege huwa mmoja, mkubwa, amejaa ukurasa mzima, kila unyoya unahesabika, na nyuma yake hakuna kitu isipokuwa ukungu wa kijani. Hajulikani yuko Kishapu au yuko Ulaya. Picha ya namna hiyo inahitaji lenzi ndefu ambayo bei yake ni ng'ombe kadhaa. Mwenye simu akijilinganisha nayo hukata tamaa, au huivuta picha kwa kuikuza hadi ndege anakuwa vipande vya rangi kama kitambaa cha viraka. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kabla ya kuifuata nyota ya kalenda, yafaa tuulize ilitoka wapi.

Katika nchi yetu habari hii ina zaidi ya miaka mia. Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika koloni lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1905 akachapisha kitabu kiitwacho Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mmweko wa taa na kwa bunduki. Kina picha zaidi ya 300 za wanyama, nyingine zilizopigwa usiku wa manane kwa unga uliolipuka na kutoa mwanga. Kwa wakati wake ilikuwa kazi kubwa mno. Kamera zilikuwa masanduku mazito, picha zilinaswa juu ya vioo, na mizigo yote ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Ulaya ilikuwa imezoea simba aliyechorwa na mtu ambaye hakumwona. Sasa ilimwona simba mwenyewe, amekodoa macho.

Lakini mhakiki haishii hapo. Ili simba wafike mbele ya kamera, Schillings alifunga punda na ng'ombe wawe chambo. Simba ni wa kweli, giza ni la kweli, ila tukio limepangwa, na aliyelilipia ni punda. Aidha, jina la kitabu lenyewe linakiri kwamba taa na bunduki zilikwenda bega kwa bega. Wanyama wengi walipigwa picha, na wengi walipigwa risasi. Kwa haki yake niseme pia kwamba baadaye mtu huyu alipaza sauti huko kwao kutaka wanyama na ndege walindwe wasimalizwe. Hata hivyo alituachia wazo kwamba picha ya mnyama ni windo: ukubwa wake hupimwa kwa shida iliyopatikana na kwa ukali wa mnyama. Ndiyo maana hadi leo kalenda zetu zimejaa simba, na tetere hana ukurasa.

Kipimo cha pili ni cha kitabu cha kutambulia ndege. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe walitoa kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kinachoeleza aina zaidi ya 1,300 za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Ajabu ni kwamba kitabu hicho, kilichotoka wakati kamera nzuri zipo tele, kimetumia michoro badala ya picha. Ukikaa nacho utaelewa sababu. Mchoraji anaweza kuwaweka dume, jike na kinda kwenye ukurasa mmoja, wote wakitazama upande mmoja, katika mwanga uleule, alama za shingoni zikionekana waziwazi. Picha hupata ndege mmoja, wa siku moja, katika mkao mmoja, pengine na jani limemkata kichwa. Kwa kazi ya kufundisha umbo la ndege kwa ujumla wake, mchoro umeishinda picha.

Basi kama kalenda imetushinda kwa lenzi, na kitabu kimetushinda kwa mchoro, picha ya uani imebakiwa na nini? Mimi nasema imebakiwa na jambo ambalo hao wawili hawana, nalo ni ujirani. Picha ya uani inaweza kusema: ndege huyu, mahali hapa, siku hii, kando ya vitu hivi vyetu. Ikilisema hilo imefaulu, hata kama mkia umetikisika kidogo. Isiposema, haikufaulu, hata kama macho ya ndege yanang'aa kama shanga.

Nitoe mifano. Ninayo picha ya mbayuwayu wamejipanga juu ya waya wa umeme, wadogo kama nukta za penseli. Kwa kipimo cha kalenda ni picha ya kutupa. Lakini chini yao linaonekana bati la jirani na shamba ambalo halijalimwa, na simu imeandika tarehe yenyewe: tarehe 2 Oktoba. Mbayuwayu wengi tunaowaona kwetu wakati huo wametoka Ulaya wakikimbia baridi. Kwa hiyo picha ile ya nukta inaeleza safari ya maelfu ya kilometa iliyofika mwisho juu ya waya wetu kabla ya mvua. Tangu miaka ya 1980 umekuwapo mradi wa kuchora ramani za ndege wa Tanzania, ambao huhitaji taarifa za namna hiyo hasa: ndege gani, wapi, lini. Kwa mradi kama huo, manyoya yanayong'aa bila mahali wala tarehe ni pambo tu.

Mfano wa pili umenipa somo gumu zaidi. Asubuhi moja walitua kwelea kwelea kwenye ua wangu wa minyaa. Midomo yao ilikuwa myekundu, jua likiwapiga ubavuni, nikapata picha ambayo hata mwenye kalenda angeitamani. Nikamwonyesha jirani yangu, mama mmoja mkulima wa mtama. Aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Shikamoo Mwalimu, naona umemtundika mwizi ukutani." Nilipomwitikia marahaba alikuwa hacheki.

Alikuwa na haki. Kwelea kwelea wanakadiriwa kuwa ndege pori wengi kuliko wote duniani. Mmoja hula gramu kumi hivi za nafaka kwa siku, idadi ndogo kabisa, lakini kundi la ndege milioni moja hula tani kumi kwa siku. Kwa nyumba inayotegemea ekari mbili za mtama, kundi hilo ni njaa yenye mabawa. Serikali hupeleka ndege za kunyunyizia sumu mahali wanapolala, na sumu hiyo haichagui: mwewe na bundi wanaokula mizoga ya kwelea hufa pia. Yote hayo hayamo katika picha yangu. Sitaiondoa, kwa sababu ndege yule ni mzuri kweli. Lakini namtaka kila mpiga picha wa uani ajiulize kama jirani yake akiitazama picha ataona alichoona yeye. Uzuri ulioonekana na mwenye tumbo lililoshiba si uongo, ila ni nusu ya habari. Siku nyingine nilipiga shamba la mama yule mwenyewe, watoto wakipiga madebe kufukuza ndege, kundi likiinuka kama moshi nyuma yao. Ndege mmojammoja haonekani. Nasema bila kusita kwamba hiyo ndiyo picha bora ya kwelea kati ya hizo mbili.

Mfano wa tatu ni wa wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho. Wataalamu waliwapa jina la Mjerumani Fischer mwaka 1887. Makazi yao ya asili ni upande huu wetu wa kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1980 walinaswa na kusafirishwa nje kwa wingi wa kutisha, hadi biashara hiyo ikasimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Matokeo yake ni kwamba watu wengi duniani wanamjua ndege huyu akiwa ndani ya kizimba, juu ya kijiti cha plastiki. Picha yake iliyoenea ni picha ya mfungwa. Mtu wa Kishapu akimpiga akiwa juu ya mgunga, amechafuka vumbi, akigombana na mwenzake kwa ajili ya tundu la mti, anairudisha habari mahali pake. Hapo picha duni ya simu hufanya kazi ambayo picha elfu za studio haziwezi kuifanya.

Sasa nije kwenye njia, maana insha iliyonakiliwa haipati alama hata ikiandikwa kwa mwandiko mzuri. Nimewaona vijana wakikata matawi yanayoficha kiota ili kamera ione makinda. Wanapata picha, wanaondoka, na jua la saa sita linawaua makinda, au kunguru anawaona. Wengine hupiga kwa simu sauti ya ndege iliyorekodiwa, dume wa hapo akaja mbio akidhani ameingiliwa himaya yake, akaacha kula ili agombane na sauti isiyo na mwili. Huo ni ujanja uleule wa punda wa Schillings, ingawa mara hii hakuna aliyefungwa kamba. Kwa maoni yangu namna picha ilivyopatikana ni sehemu ya picha yenyewe, na inayomgharimu ndege kiota chake ni picha mbovu, hata ikiwa safi kama kioo.

Mtu ataniuliza: je, beseni la maji unaloliweka chini ya mwarobaini si chambo? Swali ni la haki. Tofauti ninayoiona ni hii: maji yale yapo kila siku ya kiangazi, nikiwa na simu au nisipokuwa nayo, na anayeyanywa huondoka na faida. Chambo huwekwa kwa ajili ya mtegaji. Karamu huandaliwa kwa ajili ya mgeni, na wahenga walikwisha sema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wako watakaodhani kwamba nawatetea wavivu, kwamba kila picha yenye ukungu sasa itaitwa ushahidi. La hasha. Ufundi unadaiwa, tena ni ufundi ambao hauhitaji fedha. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa kuwa jua la utosini la huku kwetu hufanya ndege awe doa jeusi. Jua liwe mgongoni mwako. Usikuze picha kwa vidole. Sogea wewe, polepole, ukiwa umekaa, au jifiche nyuma ya pazia la dirisha. Inama hadi usawa wa ndege anayetembea chini, maana picha iliyopigwa kutoka juu humfanya kila kiumbe aonekane kama kitu kilichoanguka. Na usiondoe ndoo, kamba wala kandambili kwa aibu. Panga tu zisimfunike mgeni.

Huenda yote haya yakaonekana mchezo wa wastaafu. Hapa kwetu si mchezo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliongoza ufyekaji mkubwa wa vichaka Usukumani ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye ikaja pamba, ikaja haja ya kuni, yakaja makundi makubwa ya mifugo, na wakulima wengi walikata miti kwa kuwa ndiyo malalo ya kwelea. Shinyanga ikawa mfano wa nchi iliyokaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao hadi ulipomalizika mwaka 2004 ulikuwa umeufufua utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, yaani kuacha sehemu ya malisho ipumzike hadi kiangazi, katika eneo la zaidi ya hekta 300,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliorodhesha aina 145 za ndege katika ngitili hizo. Ndege walirudi. Lakini walirudi wangapi kati ya wale waliokuwako? Wazee wangu waliwataja ndege kwa majina na kwa sauti zao, na walipofariki maelezo yao yalikwenda nao. Laiti katika albamu zile za harusi kungalikuwa na tawi moja lenye viota nyuma ya bibi harusi, tungalikuwa na pa kuanzia.

Na shauri la namna hiyo sasa limo nyumbani kwangu. Uani pana mgunga mkubwa ambao minana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota vya kuning'inia, huujaza kila masika. Wanangu wangependa ukatwe, tujenge fremu nne za maduka za kupangisha. Si wazo la kijinga. Mji unakua, karo za wajukuu hazisubiri, na pensheni ya mwalimu mnaijua. Mkubwa wao aliniambia, "Baba, ndege hawalipi kodi." Nikamjibu kwamba hata yeye alikaa humu miaka 18 bila kulipa. Tulicheka, ila shauri halikwisha kwa kucheka.

Nilichoweza kukifanya ni kuleta picha kikaoni. Kila Februari tangu mwaka 2019 nimeupiga mti ule nikiwa nimesimama mlangoni pa jiko, mahali palepale. Tulikaa tukavihesabu viota. Mwaka 2019 vilikuwa 31, na mwaka 2024 vilikuwa 12. Kwa macho matupu kila mtu nyumbani alikuwa akisema vipo vilevile. Katika picha za baadaye tuliona jambo jingine ambalo hatukuwa tumelitilia maanani: miti miwili iliyokuwa ikionekana kwenye kiwanja cha nyuma haimo tena, na mahali pake pana ukuta wa tofali. Mgunga wetu umebaki peke yake. Sasa wanangu wanazungumza juu ya fremu mbili badala ya nne. Tumeahirisha uamuzi hadi baada ya mavuno, na sijui utaangukia wapi. Sidai kwamba picha zina uwezo wa kuuokoa mti. Nadai kwamba zimefanya mti uhukumiwe kwa haki, ukiwa na hesabu yake, badala ya kuitwa "kale ka mti ka ndege".

Nikiulizwa picha ipi ni bora kuliko zote nilizozitazama, sitataja yangu. Ilipigwa na mjukuu wangu wa miaka tisa. Kwezi mmoja wa buluu anakunywa beseni, tumbo lake la rangi ya kutu limegusa maji. Upande wa kushoto umeingia mguu wa dada yake mwenye kandambili, na nyuma ni ua wa minyaa na sufuria lenye masizi. Mkia umetikisika kidogo. Upeo umeinama kama meza iliyovunjika mguu, na kwa hilo nimemkata alama mbili. Zilizobaki nane amezipata zote, kwa kuwa ndege hakukimbia, dada hakuondolewa, na tarehe imo: 14 Agosti 2023, katikati ya kiangazi.